Mwenye Kumbukumbu ya Kwanza

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana, saa moja kabla wachezaji hawajafika, na bati la upande wa jikoni likavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka beseni. Nimetandika kitambaa mezani, nimepanga viti vinne, nimechonga penseli. Daftari la mchezo sasa ni la arobaini na mbili.

Shajara hii naianza upya baada ya kuiacha miaka mingi, kwa hiyo niandike wazi nani ni nani. Mimi nilikuwa msahihishaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji mpaka macho yalipogoma. Nina miaka sabini na mbili. Shemeji, fundi cherehani, alimwoa mdogo wangu. Binti yao anapima macho katika duka la miwani, nami ni mama yake mkubwa. Wa nne ni mwalimu wa hesabu mstaafu anayekaa nyumba ya pili. Tunamwita Desimali, kwa sababu hajawahi kusema "saa tisa hivi" maishani mwake. Husema saa tisa na dakika saba.

Tunacheza Mji. Kila mmoja ana mhusika wake katika mji tuliouzua wenyewe, na mimi, mwamuzi, nawachezea wakazi wote waliobaki pamoja na hali ya hewa. Tulianza kambini, miaka thelathini na minane iliyopita, majuma machache baada ya kukimbia kwetu. Pale dadu zilipigwa marufuku, maana watu walichezea kamari hadi mablanketi yao, basi tukatunga mchezo usiozihitaji. Wahusika wakigombana hatuulizi bahati. Kuna sifa nne: Nguvu, Hila, Subira na Kumbukumbu. Kila mhusika ana nafasi yake katika kila sifa, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, na nafasi hizo hazibadiliki. Mwenye nafasi ya juu hushinda. Wa chini akitaka kunusurika, sharti auhamishie ugomvi kwenye sifa aliyo na nafuu nayo.

Mhusika wa Shemeji ni Mlinzi wa Lango. Ni wa kwanza katika Kumbukumbu.

Leo Mlinzi ameingia katika nyumba ya wageni na kumwagiza kinywaji mwenye nyumba aliyefariki katika daftari la ishirini. Nimemfufua kimyakimya, nikasema huyu ni mwanawe.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Beseni limejaa mara mbili.

Jumamosi, 14 Machi

Mchezo mzuri. Binti, ambaye mhusika wake ni Mpima Ardhi, amemkamata Tapeli wa Desimali akiuza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Tapeli ni wa kwanza katika Hila, Mpima Ardhi ni wa tatu. Akajaribu kuuhamishia ugomvi kwenye Subira: atakaa mlangoni kwa Tapeli mpaka atoke.

"Kaa tu, mwanangu," Desimali akasema. "Mimi nimeshatoka kwa dirisha la choo tangu saa nne na dakika kumi na moja."

"Na mwili huo?"

"Tapeli ni mwembamba. Mwenye mwili ni mimi."

Hoja imekubalika. Binti ameshindwa, na kwa kanuni ya tatu aliyeshindwa ndiye anayesimulia alivyoshindwa. Mwingine haruhusiwi kumtia maneno kinywani. Amesimulia vizuri, Mpima Ardhi amekaa mlangoni siku mbili, majirani wakamletea mto, mwishowe mtoto wa Tapeli akatoka kumuuliza kama amepangishwa pale kibarazani. Tumecheka mpaka Shemeji akafuta machozi kwa futi yake ya kitambaa.

Kanuni hiyo aliitunga yeye. Kambini kila aliyeshindwa alidai ameonewa, na jioni ziliisha kwa matusi. Shemeji akasema: mpeni aliyeanguka asimulie mwenyewe kuanguka kwake, hatakuwa na wa kumlaumu. Ilitibu kabisa.

Nimekuwa nikiiwaza leo, beseni likijaa. Siku tuliyokimbia mimi nilitangulia na mizigo, nikavuka daraja mapema, nikawasubiri ng'ambo. Wakaja watu na watu. Saa sita akaja Shemeji na mtoto kifuani, mtoto wa miezi kumi na mmoja, peke yao. Nikamuuliza, "Yuko wapi?" Akasema, "Hakuvuka." Baadaye daraja likafungwa. Wale waliobaki upande ule hatukuwaona tena, wala hatukusikia habari zao.

Hakuvuka. Ndilo neno lote nililopewa juu ya mdogo wangu. Nilidhani mtu akipumzika atasema zaidi. Sikutaka kumharakisha.

Jumatano, 18 Machi

Shemeji amemshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kulia. Mteja ameirudisha. Desimali amesema huenda mteja ndiye mwenye kasoro.

Jumamosi, 21 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Mlinzi wa Lango amedai kwamba lango lilifungwa mwaka wa mafuriko. Halikufungwa. Nakumbuka, na Desimali anakumbuka kwa sababu Tapeli alipitisha mbuzi arobaini usiku ule. Lakini kanuni ya tano inasema: mwenye Kumbukumbu ya kwanza akisema jambo lilikuwa hivi, ndivyo lilivyokuwa. Nikaamua kwamba lango lilifungwa. Desimali akanitazama juu ya miwani, akasema taratibu, "Basi mbuzi wangu walipaa."

Nilipokwenda jikoni kuchemsha chai Binti alinifuata, akaurudishia mlango.

"Mama Mkubwa, umeona."

"Nimeona."

"Tulikwenda kwa daktari juzi. Amesema si uzee wa kawaida. Ya zamani yatakaa kidogo, ya jana yataondoka kwanza. Halafu yote."

"Baba yako anajua?"

"Alijua Alhamisi," akasema. "Jana ameniuliza tulikwenda kwa nani."

Tumesimama tukisikiliza birika. Alikuwa ameshika kijiko na hakuwa akikoroga chochote. Nikamwambia pole, mwanangu. Nilimaanisha. Lakini shajara haifai kitu kama mtu ataisahihisha kabla hajaiandika: wazo langu la kwanza halikuwa juu yake, wala juu ya baba yake. Niliwaza kwamba kuna mtu mmoja tu duniani anayejua mdogo wangu alibaki vipi, na mtu huyo anafutika.

Jumanne, 24 Machi

Sikulala vizuri. Nimejaribu kuuona uso wa mdogo wangu pale asubuhi, tulipoachana, na ninachokiona ni picha moja ya studio ambayo hata hatunayo tena. Amesimama kando ya kiti, mkono mmoja juu ya egemeo, anajizuia kucheka.

Alhamisi, 26 Machi

Nimepata njia. Si nzuri.

Jumamosi, 28 Machi

Barabara imejaa maji. Hakuna mchezo.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nimefanya jambo nililolipanga kwa siku tisa.

Mimi ndiye ninayetunga yanayowakuta wahusika. Basi nikatunga. Mlinzi wa Lango ametumwa nje ya mji kuwaleta watu wanaokimbia vita. Wako njiani, pamoja na mwanamke mmoja ambaye sikumpa jina. Mbele yao kuna daraja, na darajani kuna askari. Binti aliinua kichwa niliposema daraja. Katika miaka yote hii Mji haukuwahi kuwa na daraja. Nadhani sote tulilikwepa bila kuambizana.

Mkuu wa askari wale ni wangu, na ni wa kwanza katika Nguvu. Nikasema askari wamezuia njia, wanawasukuma watu nyuma.

"Nahamishia kwenye Subira," Shemeji akasema. "Tutakaa kando mpaka wachoke."

"Daraja linafungwa saa sita. Hakuna muda wa subira."

"Hila, basi. Namwambia mkuu wao tumetumwa na..."

"Hana masikio ya kusikiliza. Watu wanasukuma."

Desimali akaiweka kalamu yake chini. "Mwamuzi," akasema, "hujawahi kumfungia mtu milango yote."

"Leo imefungwa," nikasema. "Ni Nguvu kwa Nguvu. Shemeji, umeshindwa. Simulia."

Vidole vyake vikatembea ukingoni mwa kitambaa cha meza kama anatafuta pindo lilipoanzia. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilisogeza kiti ili nisipoteze neno. Sina haja ya kujitetea humu. Nilikuwa nimeshika penseli.

"Tunafika darajani asubuhi," akaanza. "Watu ni wengi. Mlinzi amembeba mtoto."

Hakuna aliyekuwa ameweka mtoto katika mchezo. Binti akauziba mdomo wake kwa kiganja.

"Na mwanamke?" nikauliza. Kanuni inanikataza kumuuliza msimuliaji. Niliuliza.

"Mwanamke yuko nyuma yake. Wanasukumwa. Kuna mtu ana godoro kichwani, linaziba kila kitu. Kuna kelele." Uso wake ukatulia kama mtu aliyeona taa ya nyumbani. "Halafu wanavuka."

"Nani wanavuka?"

"Wote. Mwanamke anavuka. Wanafika langoni, namfungulia mimi mwenyewe."

"Shemeji, umeshindwa. Aliyeshindwa hasimulii ushindi."

"Sikushindwa. Alivuka. Yuko mjini tangu daftari la kwanza."

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Niliinuka, nikalitoa daftari la kwanza rafuni, lile la karatasi za kambini, nikafungua ukurasa wa kwanza nikausoma kwa sauti: Mlinzi wa Lango anaingia mjini peke yake.

Akanyoosha shingo kutazama. "Nani kaandika hivi?"

"Mimi. Ulisema wewe, nikaandika mimi."

"Basi ulikosea."

"Sikosei kuandika."

"Mama Mkubwa," Binti akasema, "basi. Inatosha."

"Hakuvuka, shemeji," nikasema. "Neno hilo ni lako, si langu. Hakuvuka. Nimekaa nalo miaka thelathini na minane. Sasa niambie lililobaki kabla hujalisahau na hilo."

Nilikisikia nilichokisema kilipokwisha toka. Shemeji alinitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mteja mgeni, kisha akainuka, akavaa koti ndani nje, mishono yote juu, yeye ambaye hutambua bitana mbovu kutoka ng'ambo ya barabara. Akatoka mvuani bila mwavuli. Binti akamkimbilia na mwavuli wangu. Hakuniaga.

Desimali alibaki akikusanya vikombe.

"Nilidhani unamwonea Mlinzi wa Lango tu," akasema.

Akaviosha, akavifuta, akaenda zake bila kutaja saa.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 11 Aprili

Hawakuja. Nilitandika kitambaa, nikakitandua saa kumi.

Jumanne, 14 Aprili

Nimekwenda dukani kwa Binti nikisingizia kwamba miwani inanibana. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akanivua miwani bila salamu ndefu, akaanza kuukunja mkono wa miwani juu ya kimashine cha moto.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Kwangu au kwake?"

"Kwenu."

"Sijui kama anakumbuka. Siku ile alikumbuka, maana alitetemeka mpaka nilipompa maji ya moto." Akanivisha miwani, akanitazama kwa karibu sana, macho yake yakifuata fremu wala si mimi. "Inabana?"

"Kidogo, kushoto."

Akaivua tena. "Mama Mkubwa, mimi ndiye niliyekosa mama. Sijawahi kumuuliza Baba hata siku moja. Unajua kwa nini? Nilikuwa mdogo, nikamwona anavyovuka barabara. Kila barabara. Ananishika mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. Nikasema huyu mtu keshasimulia."

Akairudisha miwani juu ya moto.

"Wewe unatusoma kama prufu," akasema. "Unatafuta herufi iliyogeuka."

Akanivisha. Ilikaa vizuri. Nilipofungua mkoba akasema shangazi na mama wakubwa hawalipii kunyooshewa miwani, na kwa kuwa alisema hivyo kwa sauti ya dukani tu, nilitoka nikiwa nimeumia zaidi kuliko kama angenifukuza.

Jumamosi, 18 Aprili

Amekuja Desimali peke yake. Ameleta karatasi ambayo juu yake ameziandika upya Kanuni za Meza, kama zilivyobandikwa ndani ya mlango wa kabati langu, na mbili kati yake amezizungushia duara.

"Ya nne: lililosemwa mezani na kuandikwa daftarini limetokea. Ya tano: mwenye Kumbukumbu ya kwanza akisema lilikuwa hivi, ndivyo lilivyokuwa. Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Zinapigana. Daftari likisema hivi na Mlinzi akisema vile, nani mkubwa? Hesabu yenye kauli mbili za msingi zinazogombana haina jibu. Au tuseme ina majibu yote, ambayo ni mabaya zaidi."

Nimesahihisha vitabu vya watu miaka thelathini. Kanuni hizo nimezipita kila Jumamosi nikichukua sukari. Sikuona. Nikamwambia hatukuona kwa sababu Mlinzi hakuwahi kukosea.

"Ndiyo," akasema. "Hazikuwahi kugombana kwa sababu yeye na daftari walikuwa kitu kimoja. Sasa wameachana, na lazima moja ikae chini ya nyingine. Hilo ni la mwamuzi."

"Daftari ndilo nililo nalo, mwalimu. Mdogo wangu hana hata kaburi. Ana mstari mmoja katika daftari, na mstari wenyewe haumtaji."

Alikuwa akiikunja karatasi yake mara mbili, mara nne.

"Na yeye ana nini?" akauliza.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua imepungua. Beseni halikujaa.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimekwenda kwa Shemeji asubuhi. Chumba chake cha kazi kiko kama kilivyo siku zote, cherehani dirishani, pasi ya mkaa ambayo haitumii tena ila hataki itupwe, vitambaa vimekunjwa kwa rangi. Mpya ni vikaratasi. Binti ameviandika na kuvibandika: MKASI. ZIMA PASI. CHAKULA KIKO HAPA. Alikuwa akifumua mshono kwa ncha ya wembe, pole pole, mshono mzuri kabisa.

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na sentensi ya kwanza na ya pili.

"Karibu, shemeji," akasema. "Mbona mmenitenga? Jumamosi ya ngapi hii?"

"Mvua," nikasema.

"Mvua haijawahi kuwa kanuni."

Nikakaa juu ya stuli. Nikasema hata hivyo, maana nilikuwa nimekuja kusema. Nikamwambia kwamba nilimlazimisha mtu kusimulia jambo asilotaka kulisimulia, mbele ya mwanawe, na nikamsomea daftari usoni kama hakimu. Alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha, mkono umetulia juu ya kitambaa.

"Huyo mtu alikuudhi sana?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyemuudhi."

"Basi kamwombe radhi," akasema, "upesi. Watu hawakai."

Akarudi kwenye mshono wake. Nikamsaidia kushika upande wa pili. Tumeufumua wote mpaka mwisho, na sijui mwenye gauni atasema nini.

Jumamosi, 2 Mei

Wamekuja wote. Binti amenisalimia kwa mkono. Desimali alifika saa nane na dakika hamsini na nane, akasema amewahi kwa ajili ya hali ya barabara.

Kabla hatujaanza nilisema nina uamuzi. Kanuni ya tano iko juu ya ya nne. Mwenye Kumbukumbu ya kwanza akipingana na daftari, daftari ndilo linalorekebishwa. Desimali akaandika. Shemeji akasema mbona ndivyo ilivyokuwa siku zote, na hakuna aliyebisha.

Kisha nikamleta Karani wa Mji, mhusika wangu wa zamani, mkavu, mwenye kitabu kikubwa cha wakazi. Anapita nyumba kwa nyumba akihesabu watu. Akafika kwenye nyumba ya langoni.

"Wanaishi wangapi humu?" nikauliza kwa sauti ya Karani.

"Watatu," Shemeji akasema. "Mimi, mtoto, na mke wangu."

Binti aliyatazama mapaja yake.

"Kitabu changu hakimwonyeshi mwanamke," nikasema. Ilinibidi niseme. Bila kupingana hakuna ugomvi, na bila ugomvi hakuna wa kushinda.

"Kitabu chako kimekosea. Nilimfungulia lango mwenyewe."

Ugomvi wa Kumbukumbu. Mlinzi ni wa kwanza, Karani ni wa nne. Sikuhamishia popote.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Haya," akasema Shemeji, akiegemea kiti, mpole kabisa. "Simulia."

Nikafunga daftari ili nisipate pa kutazama.

"Karani anafungua kitabu chake," nikasema, "anakuta kurasa mbili zimegandana kwa unyevu. Anazitenganisha taratibu kwa ukucha. Jina la mwanamke lipo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Ndipo anapokumbuka. Siku ile alikuwa ng'ambo, ametangulia na mizigo, ameketi juu ya sanduku. Alikuwa akitazama kila uso. Saa sita akawaona. Mlinzi alikuwa mbele, akitanua njia kwa mabega. Mwanamke nyuma yake, amembeba mtoto mgongoni..."

"Hapana," Shemeji akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama fundi anavyomwonyesha mwanafunzi kwamba kitambaa kimegeuka.

"Mtoto alinipa mimi. Alisema, nishikie huyu, nifunge kamba za viatu. Akainama. Pale kwenye kichwa cha daraja. Watu wakaja kwa nyuma na lile godoro, mimi na mtoto tukasukumwa mbele. Nikigeuka naona godoro. Nikigeuka naona godoro." Kiganja chake kilikuwa kimefumbata hewa kifuani, pale kichwa cha mtoto kinapokaa. Kisha kikafunguka. "Endelea, shemeji. Unasimulia vizuri."

Sijui nilikaa muda gani. Desimali anajua, lakini sitamuuliza. Binti alikuwa akimtazama baba yake waziwazi, machozi yakimtiririka na yeye hayafuti.

"Akafunga kamba," nikasema. "Akainuka. Akaja."

"Ndiyo," akasema Shemeji. "Akaja."

Nikafungua daftari, nikaandika kwa wino, si kwa penseli: Mke wa Mlinzi wa Lango yumo mjini tangu siku ya kwanza. Desimali akaomba chai, na Tapeli akajaribu kumuuzia Karani kiwanja.

Jumapili, 3 Mei

Nimelipata nililolitaka. Niliandike humu, maana kule daftarini halina nafasi.

Viatu vilikuwa vyangu.

Asubuhi ile ndala zake zilikatika, zote mbili, kwa kupishana dakika. Nilikuwa na viatu vyangu vya kazini, vya kamba, vya kahawia, ngozi nzuri. Nikamvisha mimi mwenyewe, nimepiga magoti sakafuni, yeye anacheka kwamba anaonekana kama karani wa posta. Vilimzidi namba moja. Nikamwambia, "Usikimbie navyo vikiwa vimelegea, utaanguka na mtoto. Kila vikilegea, simama ufunge."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Sikulificha, nililisahau kabisa, mimi mwenye madaftari arobaini na mawili. Nimemdai Shemeji kipande chake miaka yote hii na kumbe kingine nilikuwa nacho mimi. Alisimama. Alifunga. Alikuwa mtoto msikivu tangu zamani, mama yetu alikuwa akisema ukimtuma huyu huna haja ya kurudia.

Jumamosi, 9 Mei

Jua. Nimeukunja mwavuli. Mchezo mfupi, Shemeji amelala kitini kabla Tapeli hajakamatwa.

Jumamosi, 16 Mei

Binti alikuja mapema leo, kama nilivyomwomba, baba yake akibaki nyuma na Desimali wakija polepole kwa miguu. Nimekuwa na wiki mbili za kuamua kama nimwambie. Nilijiambia hatafaidika nalo, ana ya kutosha mgongoni. Kisha nikajiambia kwamba hivyo ndivyo Shemeji naye alivyojiambia, labda kila siku, miaka thelathini na minane.

Nikamkalisha mezani. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nami nilishindwa mahali, na sijasimulia." Nikamsimulia. Ndala, magoti yangu sakafuni, kicheko cha karani wa posta, maneno yangu yote kwa mpangilio wake. Sikuongeza wala sikupunguza. Sikumwomba anisamehe, kwa sababu ingekuwa kumhamishia mzigo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nje mtu alikuwa akifagia matope kibarazani. Binti aliichukua penseli yangu, akaigeuza, akaitazama ncha yake.

"Alicheka," akasema.

"Alicheka sana. Aliinua mguu mmoja akautingisha, kiatu kikaning'inia."

"Sikujua kwamba alikuwa mtu wa kucheka." Akairudisha penseli mezani. "Vilikuwa namba ngapi?"

"Thelathini na tisa. Yeye alivaa thelathini na nane."

"Mimi pia," akasema. "Thelathini na nane."

Akaitazama miguu yake chini ya meza muda mrefu. Sikumgusa. Mlango ukagongwa, tukamsikia Desimali akitangaza dakika, na Shemeji akiuliza kama hii ndiyo nyumba yenyewe.

Binti akafuta uso kwa kiganja, akaenda kumfungulia baba yake.